Sambusa za Mzee Mudathiru

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Feza akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mbele kabisa, afisa wa ukaguzi, dada mmoja mwembamba aitwaye Umuhoza, alikuwa ameinua juu sashe, kifuko kidogo cha soya ya kusaga, ili wafanyabiashara wote waione. Kwenye sashe palibandikwa etiketi yenye maandishi makubwa mekundu: NYAMA YA FEZA. Chini ya maandishi alisimama mbuzi wa kuchorwa, ana ndevu zake, anatabasamu.

"Nani ndiye Feza?" Umuhoza aliuliza.

Feza alinyoosha mkono nusu.

"Bon. Dada Feza, huyu mbuzi alichinjwa wapi?"

"Hakuna mbuzi, Madamu."

"Hakuna mbuzi?"

"Ni soya. Soya ya Gikundamvura, na uyoga kidogo, na bitunguu."

"Sasa mbuzi anafanya nini hapa?"

"Fundi wa etiketi alisema anapendeza."

Basi hapo ndipo watu walipojiachia. Wauza dagaa wa sambaza kutoka Nkanka waligongana mabega, na mzee mmoja wa mikate alicheka mpaka akashika mbavu. Hata Umuhoza mwenyewe alitabasamu, na halikuwa tabasamu baya. Alingoja wanyamaze, kisha akaeleza kanuni mpya pole pole, mtu wa nyuma naye asikie. Kuanzia sasa, mbele ya kila sashe kiandikwe kitu chenyewe ni nini, kwa herufi za kusomeka bila miwani. Soya iitwe soya. Neno nyama likisimama peke yake, liwe la mnyama aliyechinjwa. Na iko nyama nyingine, alisema, ambayo huko mbali wanaiotesha maabara kutoka kwenye chembe hai za mnyama, bila kumchinja. Hapa Rusizi bado haijafika, lakini ikifika, nayo iandikwe wazi kwamba imeoteshwa, na kutoka kwa mnyama gani.

"Inaota sawa na mahindi?" mtu aliuliza, na kicheko kikaanza upya.

"Sikuja kumuzuia muntu kuuza," Umuhoza alimalizia. "Uza, ubarikiwe. Ila yule mwenye kukula, ajue anakula nini mbele ya kuweka mu kinywa. Kisha achague mwenyewe. Ni hiyo tu."

Maneno hayo yalimwingia Feza mpaka kwenye mifupa. Aibu ya mbuzi ilikuwa imeshapita, kwani etiketi huchapwa nyingine na maisha yakaendelea. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kingine kabisa, nacho ni sambusa za Mzee Mudathiru.

Ngoja nikueleze, maana bila hili hutamwelewa.

Miaka miwili nyuma, frigo ya Feza, jokofu lake la pekee, iliharibika hapo Gihundwe, katika chumba anachokodi kwa kazi yake. Akaitiwa fundi kutoka Kamembe, kijana mrefu, mpole, aitwaye Ridhwani. Frigo ile ilichukua siku nne kupona. Baadaye sana, wakiwa wameshazoeana, Ridhwani alikiri kwamba ilipona siku ya kwanza, saa ya kwanza. Siku tatu zilizobaki alikuwa akifungua parafujo na kuzifunga tena, akimsikiliza Feza akiimba huku anasaga soya. Mwanamke gani angekasirika? Feza alijaribu, akashindwa.

Lakini mapenzi ya watu wawili yana wazazi wake. Ridhwani ni Mwislamu wa Kamembe, mtoto wa mchinjaji. Feza ni Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, akarudi nchini na mama yake, Maman Odette, Msabato wa kweli ambaye hajaonja nyama tangu ujana wake. Kuitengeneza soya hiyo Feza alijifunza jikoni kwa mama yake. Maman Odette alikataa mwaka mzima, akalia, akafunga na kuomba, mwisho akalegea kwa sharti moja: neno la posa, la kumwomba binti yake, alisikie kutoka kinywani mwa baba ya kijana mwenyewe. Hataki mjumbe wala mjomba. Na Mzee Mudathiru, baba yake Ridhwani, baada ya mizungusho mingi, alikuwa amekubali kwenda Dimanche hii, yaani Jumapili.

Sasa hapa ndipo penye mwiba. Mzee Mudathiru alikuwa na goute, ugonjwa wa jongo. Mguu wake wa kulia ulivimba mwaka jana mpaka akawa anashinda na kandambili, na dokta akamwambia aache nyama nyekundu. Mzee alimcheka dokta usoni. "Niuze nyama, mimi sikule? Batu batasema ng'ombe zangu ziko na ugonjwa!" Basi Ramadhani ilipokaribia, Ridhwani, ambaye tangu mama yake afariki ndiye anayekunja sambusa za futari pale nyumbani, alikuja kwa Feza na macho ya kuomba.

"Nipe ile ya kusaga," alisema. "Lakini toa etiketi, Papa asione."

Na Feza akaitoa. Aliibandua kwa ukucha wake mwenyewe, sashe baada ya sashe, mwezi mzima. Mzee alifuturu, akala, akalamba vidole, akamwambia mwanawe, "Leo umefikia mukono wa mama yako." Mguu ukanywea. Siku ya Idi alikwenda msikitini kwa viatu, watu wakamshangilia. Na mpaka wiki hii sambusa ziliendelea, na Mzee hakujua lolote.

Ridhwani alikuwa anangoja nje ya ukumbi, kisanduku chake cha vyuma miguuni. Alipomwona Feza alisimama, na uso wake ukafunguka vile unavyofunguka siku zote. Feza alimwangalia, moyo ukamwuma kwa kumpenda.

"Nilisikia banacheka," Ridhwani alisema. "Ni mbuzi?"

"Ni mbuzi."

"Nilikuambia yule mbuzi anacheka sana."

Siku nyingine wangecheka pamoja. Feza alimsogelea akasema kwa sauti ya chini, "Ridhwani, leo tunamwambia Papa yako."

"Tunamwambia nini?"

"Unajua ni nini."

Ridhwani alimshika kwa macho, kisha akatazama pembeni. "Feza, Dimanche ni siku tatu tu. Tatu! Acha aende kwa mama yako, aseme neno lake, arudi. Kisha nitamwambia mimi mwenyewe, pole pole."

"Kisha lini? Nikiwa tayari mu nyumba yake, ninamupikia? Siku atajua, kila sahani nitamupa atakuwa anaipindua pindua na kijiko. Ataniogopa, Ridhwani. Baba mukwe ataogopa chakula changu."

"Na akijua leo? Unamujua Papa? Mudathiru, muchinjaji wa miaka makumi ine, amekula soya Ramadhani nzima na akasifu! Hatakanyaga kwa mama yako. Na mama yako hatapokea neno kwa muntu mwingine. Tutaoana mwaka gani, niambie?"

Feza aliuvuta mkoba wake begani. Alijua anasema kweli.

"Nilifanya juu ya muguu wake," Ridhwani alisema. "Usiku alikuwa analia, anafikiri sisikii."

"Najua. Njo maana ninakupenda." Feza hakuwahi kulisema neno hilo barabarani, mchana kweupe, pikipiki zikipita. Wote wawili walishtuka. "Lakini mimi njo nilitoa etiketi. Mukono wangu. Yule dada amesema mwenye kukula ajue, na mimi nilikuwa nimekaa pale, Ridhwani, ninasikia haya hadi kwa nywele."

"Usiende, Feza. Nakuomba."

"Na mimi nakuomba. Usinifuate."

Kidole cha Ridhwani kiligusa ukingo wa mkono wa blauzi yake, kikabaki hapo kitambo kidogo. Kisha Feza akasimamisha moto, pikipiki ya abiria, akapanda, hakugeuka nyuma. Angegeuka, asingekwenda.

Bucha ya Mzee Mudathiru ilikuwa na mteja mmoja, mama mtu mzima jina lake Mukabera, anayetaka mbavu za mbuzi. Mzee alikuwa amemgeuza mbuzi aliyetundikwa ili mama yule amwone nyuma. Pale mwisho pa uti wa mgongo mkia ulikuwa bado, na manyoya yake, mfupi, umesimama. Mukabera aliutazama, akaitikia kwa kichwa, ndipo Mzee akakata.

"Ah, Feza!" Mzee alisema alipomwona mlangoni. "Karibu, mutoto. Leo umekuja kununua nyama ya kweli?"

"Nimekuja kukusalimia, Papa. Na niko na neno."

"Sema tu. Hapa kwa bucha hakuna siri, hata nyama yenyewe iko uchi."

Mukabera alicheka, akachukua mbavu zake, akaaga. Feza alingoja mpaka mama yule amevuka barabara. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, maneno mazuri yenye heshima, yakapotea yote.

"Papa, zile sambusa za Ramadhani."

"Ee, ziko na nini?"

"Hazikuwa na nyama."

Kisu kilisimama juu ya gogo.

"Zilikuwa na nini?"

"Soya. Soya yangu. Ridhwani aliichukua kwangu juu ya muguu wako, na mimi nilitoa etiketi na mukono wangu, usiione."

"Siku ngapi?"

"Zote, Papa."

"Zote makumi tatu?"

"Na kisha ya Idi. Mpaka jana."

Mzee aliweka kisu chini. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono, akaifuta kwa taulo kidole kimoja kimoja. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtia Feza hofu.

"Miaka makumi ine," Mzee alisema. "Nifunge macho, unipe kipande, nitakuambia ni mbuzi ama kondoo, ni dume ama jike. Na mutoto wangu ananilisha majani, mimi ninamusifu."

"Si majani, Papa, ni mbegu..." Feza alijiuma ulimi. Hii nayo ni saa ya kumfundisha mtu kilimo? "Swaumu yako haikuharibika. Hakukuwa na kitu cha haramu ndani, ninaapa."

"Najua soya ni halali!" Sasa sauti ilipanda, na cherehani ya fundi wa jirani ikanyamaza. "Nani amekuambia mimi ninalia juu ya soya? Kuja hapa. Kuja uone."

Feza alisogea. Mzee alimwonyesha nyuma ya mbuzi aliyetundikwa.

"Hiki ni nini?"

"Mukia, Papa."

"Juu ya nini ninauacha na manyoya yake?"

"Batu bajue ni mbuzi."

"Nani aliniamuru? Afisa gani?"

"Hakuna."

"Hakuna! Marehemu baba yangu alinionyesha nikiwa mudogo. Kondoo mukia wake unaanguka, mbuzi wake unaangalia juu. Ukikata, nyama zote zinafanana. Mama Mukabera mwenye umemukuta hapa, kwao hawakuli kondoo. Si ugonjwa, si dini, ni vile bazee babo balibaachia. Mimi ningeweza kumudanganya kila wiki, asijue mpaka kufa. Njo maana sikati. Siku nitakata huu mukia, siku ile nifunge mulango nikae nyumbani."

Feza aliutazama mkia ule mdogo wa manyoya meusi, na machozi yakaanza kumtoka bila ruhusa.

"Mimi niliukata, Papa," alisema. "Wako, niliukata mimi." Akapiga goti pale pale kwenye sakafu ya simenti, mkono wa kushoto umeshika wa kulia. "Nisamehe."

Mzee alimtazama pale chini. "Nani amekutuma leo?"

"Hakuna."

"Ridhwani anajua uko hapa?"

"Alinikataza."

"Alikukataza. Sasa sababu gani umekuja? Ungenyamaza. Dimanche ningevaa kanzu yangu nyeupe, nifike kwa mama yako, niseme neno, nikule, nirudi. Ungepata bwana. Nani angekuuliza?"

"Nilitaka ukuje ukijua, Papa." Feza alifuta pua kwa kiganja, hakujali. "Ukikataa kuja, nitalia. Sitakudanganya mara ya pili, nitalia sana, juu ninamupenda mutoto wako kupita vile ninaweza kusema mbele yako. Lakini sikutaka uingie kwa mama yangu, ukae kwa kiti chake, na kitu mu tumbo chenye mimi ninajua na weye haujui."

Mzee Mudathiru aliketi kwenye kigoda. Akanyoosha mguu wa kulia mbele yake, akawa anautazama ndani ya kiatu chake cheusi. Nje pikipiki mbili zilipita, na cherehani ya jirani ilikuwa bado kimya, maana fundi yule alikuwa ametega sikio.

"Inuka," Mzee alisema mwishowe. "Sakafu ina baridi. Kaa pale."

Feza alikaa juu ya kreti.

"Unajua ni kitu gani kinaniuma?"

"Soya, Papa."

"Hapana. Mu mwezi wa kwanza, huu muguu ulikuwa hauguswi hata na shuka. Shuka, unasikia? Nilikuwa ninamwambia Mungu, chukua tu. Kisha Ramadhani ikaingia, siku kumi, siku makumi mbili, maumivu yanashuka. Siku ya Idi ninavaa kiatu. Nililia, Feza. Nilimushukuru Mungu, na njo wa kwanza. Dokta nilimupelekea maini, kilo mbili, akashangaa. Batu ba musikiti niliwaambia ni dua yabo. Imamu nilimushika mikono. Hata yule fundi wa viatu aliyeniuzia hivi, nilimwambia aksanti!" Alimgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kila muntu mu Kamembe alipata aksanti yake. Weye peke yako hapana. Weye nilikuwa ninakukuta barabarani na sashe zako, ninakuchekelea na nyama yako ya majani. Na weye unanyamaza, unasema, ndiyo Papa. Mumenifanya muntu asiye na shukrani, muzima muzima, mu muji wangu. Hiyo njo inaniuma."

 Feza alikuwa amekuja amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, na kumwambia mama yake, na kuyarudisha mapenzi yake ndani ya moyo ayafungie huko. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

Mzee alisimama. Alivuka ile hatua moja iliyowatenganisha, akaichukua mikono ya Feza kwa mikono yake yote miwili, vile wazee wa Kamembe wanavyomshukuru mtu wanayemheshimu.

"Aksanti, mutoto wangu," alisema. "Juu ya muguu. Na juu ya kuja kuniambia. Ya pili ni kubwa kupita ya kwanza."

Hapo Feza alilia kweli kweli, kilio chenye sauti, na cherehani ya jirani, kwa adabu, ikaanza kufanya kazi tena.

Kilio hicho ndicho alichokikuta Ridhwani. Aliruka kutoka kwenye moto kabla haijasimama sawasawa, akaingia bucha akihema, kofia ya abiria bado kichwani, kioo kimefunika uso.

"Papa! Ni mimi! Kosa ni langu, usimukasirikie yeye!"

"Toa kofia, tukuone ni nani," Mzee alisema.

Ridhwani alivua. Akamwangalia Feza, akaangalia mikono ya baba yake iliyoshika mikono ya Feza, akachanganyikiwa kabisa. Kama hukumpenda kijana yule kabla, ungempenda kwa uso ule.

"Nani amekasirika?" Mzee aliuliza.

"Sijui, Papa. Nilifikiri..."

"Nimekasirika na weye. Huyu amekuja peke yake, amepiga goti mu damu ya mbuzi, amesema. Weye mwanaume ulikuwa wapi?"

Ridhwani aliinamisha kichwa. Kisha, pole pole, naye akapiga goti. "Nisamehe, Papa. Niliogopa batakata muguu wako. Mama amekwenda, umebaki weye tu. Niliogopa."

Uso wa Mzee ulilegea kidogo, akajitahidi kuukaza tena, ukamkatalia.

"Ungesema tu: Papa, hii ni soya, kula ama acha."

"Ungeacha."

"Ningeacha, ndiyo! Siku ya kwanza ningetupa hata sahani. Siku ya pili muguu ungeniuma, ningekula mwenyewe, bila kuangaliwa na muntu. Mimi ni baba yako, najijua. Siku ya pili haukunipa, Ridhwani. Ulinichagulia sawa na mutoto muchanga."

"Sitarudia."

"Najua. Huyu hatakuacha urudie." Akamgeukia Feza. "Sasa hii etiketi inasemaje? Ile ulitoa?"

Feza aliona haya kumweleza habari za mbuzi mwenye ndevu, lakini siku hiyo ilikuwa ya kusema yote, akamweleza. Mzee alicheka, kwanza kifuani, kisha mwili mzima, mpaka akashika gogo. Ndipo Feza akatoa kwenye mkoba karatasi aliyoiandika ukumbini wakati Umuhoza akieleza kanuni. Mzee aliisogeza mbali na macho, mkono umenyooka, akasoma kwa sauti: "Soya ya kusaga ya Feza. Soya, uyoga, vitunguu, chumvi. Haina nyama."

Alifikiri.

"Haya maneno ya mwisho yako chini sana. Uyapandishe, yakae chini ya jina, makubwa. Muzee mwenye muguu mubaya na macho mabaya ayaone mbio."

"Ndiyo, Papa."

"Na usiandike ni tamu kupita nyama. Niliona mwingine ameandika vile."

"Siandiki."

"Ni tamu," Mzee alisema akimrudishia karatasi. "Lakini hiyo waseme wao."

Ridhwani alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Macho yake yalikutana na ya Feza, na yale yote waliyogombania nje ya ukumbi yakapita kati yao bila neno. Ulikuwa sawa, yalisema macho ya Ridhwani. Nilikuwa ninatetemeka, yalijibu ya Feza. Mzee aliwaona, akakohoa, akajifanya anapanga visu vyake. Lakini lipo jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka, na Feza alilihisi limekaa pale katikati ya bucha, likingoja. Alijikaza.

"Papa. Dimanche..." 

Mzee Mudathiru alichukua kitambaa, akafuta gogo, akafuta tena pale palipokuwa safi tayari.

"Mama yako anapokea wageni saa ngapi?"

"Saa tisa, Papa."

"Nitafika saa nane na nusu. Nikae nje kidogo, nipange maneno. Mke wangu njo alikuwa anajua kusema mambo haya, mimi nilizoea kunyamaza pembeni yake." Alisita. "Nitaanza na kumwambia nilikula mukono wa binti yake siku makumi tatu bila kujua, na leo ninajua. Atanisikia?"

"Atakusikia." Feza alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, hajui kipi ni kipi. "Aksanti, Papa. Aksanti sana."

"Hapana, hapana." Mzee alitikisa kichwa. "Aksanti ya leo ni yangu, usininyang'anye tena. Weye niambie lile neno lingine, lenye kuniruhusu nikuje."

Feza alimtazama mzee yule amesimama wima kwa miguu yake miwili, akamtazama na Ridhwani nyuma yake, ambaye sasa alikuwa anafuta macho kwa ukingo wa shati wala hajifichi.  

"Karibu, Papa," alisema. "Karibu kwetu."